Foleni ya Bahari, Foleni ya Machenza

Jumapili, 10 Machi

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Matembezi ya Bahari ni wazo langu. Langu mimi, Jwa Eun-sol, ambaye mwalimu aliwahi kuniita jina darasani akaandika sipo, nami nimekaa mbele yake nimenyoosha mkono. (Niliunyoosha kidogo tu.) Bosi Pyo alitaka mawazo mapya. Nikaandika langu, nikalisukuma chini ya mlango wake, nikakimbia. Sasa anasema alilipata akiwa anaoga. Sijakanusha. Kunyamaza kwangu ni mkakati.

Hali ilivyo: meli za watalii zinatia nanga hapa Seogwipo. Abiria wanashuka, wana saa chache, wanachagua. Bosi Pyo ana mabasi mawili gatini. Moja linakuja kijijini kwetu kuwaona wanawake wazamiaji wakitoka majini na nyavu zimejaa, halafu uji wa konokono wa baharini. La pili linakwenda kwenye mabanda ya machenza: unachuma, unakula, unapigwa picha katikati ya maua ya njano. Bango la bahari nashika mimi. Bango la machenza anashika Ko Ye-rin, niliyemaliza naye shule mwezi uliopita. Mabanda ni ya mjomba wake. Sauti ni ya kwake mwenyewe, ya mnada wa samaki.

Mwezi huu zinakuja meli tatu. Baada ya ya tatu, Bosi Pyo atafuta safari yenye watu wachache. Itakayobaki, mwenye bango lake anakuwa mwongoza watalii wa kudumu mpaka majira ya baridi. Mwingine kwaheri. Nami nikipewa kwaheri, Mama ameshasema itakuwa Bucheon, kwa shangazi, mwaka mzima nikirudia mtihani wa chuo kikuu katika chumba kisicho na dirisha. Ameshanunua sanduku. La zambarau.

Sina wasiwasi. Bahari nzima dhidi ya machenza! Nani ataacha bahari?

Jioni. Wasiwasi kidogo.

Nilikula kwa Bibi kwanza. (Bibi ana jiko lake nyumba ya nje, Mama ana lake nyumba ya ndani, ua ni mmoja, na mimi nakula kote kote ili kusiwe na vita.) Nikamwonyesha Bibi tarehe za meli. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Aliniuliza kama huko shuleni nilifundishwa kuhesabu jua peke yake. Leo kwa mwezi ni tarehe mosi ya mwezi wa pili. Yeongdeung, mama wa upepo, ameingia kisiwani. Mpaka aondoke mwezi ukiwa mpevu, hakuna mwanamke wa kijiji hiki atakayezamia. Wala kufua. Hata konokono ni maganda matupu, maana anawala yeye.

Meli zote tatu zimeangukia humo humo. Nimewaahidi watu wazamiaji katika nusu mwezi ambayo hawazamii. Mimi! Mjukuu wa mzamiaji!

Mama akapaza sauti kutoka jikoni kwake, akauliza mwaka huu Yeongdeung kaja na nani. Swali la hatari. Akija na binti yake, tunapata jua na upepo mwanana. Akija na mkwe wake, mvua na dhoruba. Bibi akajibu kwa sauti ya ua mzima: "Kaja na binti, si unaona anga! Angekuja na mkwe tungekuwa tunaokota mapaa barabarani." Mama, ambaye ni mkwe wa Bibi, akatua sufuria jikoni kwa namna ambayo sufuria haituliwi.

Nimepata wazo kabla ya kulala. Kuzamia ni mwiko. Kuvaa suti ya kuzamia si mwiko.

Jumanne, 12 Machi

Mambo yanakwenda vizuri mno.

Bibi amekubali, na wenzake wote. Hawana kazi na wamechoka kutazamana. Shangazi Mal-sun, jirani yetu na mkubwa wa wazamiaji, alisema hivi: kukaa juu ya mwamba kavu umevaa suti na kupiga mluzi wa pumzi kama aliyetokeza kutoka majini ni kazi ya wendawazimu, lakini afadhali hiyo kuliko kumsikiliza mume wake akisimulia kibofu chake.

Wazo la pili ni bora zaidi. Leo sokoni niliona foleni nje ya duka la tambi. Mwanamume mmoja akaja, akasimama nyuma bila kuuliza kinachouzwa. Akaja wa pili. Binadamu anafuata foleni! Kwa hiyo wazamiaji wetu watatangulia gatini na nguo za kawaida, wasimame mbele ya bango langu kama abiria. Foleni itaonekana ndefu. Abiria wa kweli watajiunga. Halafu wanawake wataondoka polepole, mmoja mmoja, wakavae suti na kukaa mwambani. Hakuna dosari. Nimeutafuta udhaifu wa mpango huu jioni nzima, sikuuona.

Nimefanya mazoezi ya kuongea kwa kutumia mwiko wa wali kama kipaza sauti. Mwishoni niliweza kusikia maneno yangu mwenyewe.

Ye-rin alipita getini. Alisema: "We Eun-sol, siku ya meli ukitaka kusema kitu nyoosha mkono, nitakusemea." Nilimjibu jibu kali sana. Baada ya yeye kuondoka.

Alhamisi, 14 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Meli imetoka Keelung, abiria ni wa Taiwan. Kichina cha kuandika nilikuwa wa kwanza shuleni. Foleni ya kina Bibi ilikuwa nzuri ajabu: kofia za jua, suruali za maua, wote wamenyooka. Abiria wakaanza kutazama upande wetu. Mmoja akasogea. Mwingine. Nilimtazama Ye-rin kwa jicho la ushindi.

Ndipo Ye-rin akafungua kapu na kuanza kugawa machenza ya bure. Yale makubwa yenye kinundu juu.

Shangazi Mal-sun ndiye aliyeanza. Alisema anakwenda kuchukua moja tu, arudi. Akafuatwa na jirani yake. Halafu foleni yangu yote ikajikunja kama mkia ikahamia upande wa pili, abiria wakaifuata kama nilivyotabiri, na wote wakapanda basi la machenza. Wote! Bibi yangu mzazi wa baba yangu alinipungia mkono dirishani huku anamenya.

Kwangu walibaki wachache, wasiopenda matunda. Tukafika mwambani. Mwamba mtupu. Bahari tupu. Wageni wakaniuliza wazamiaji wako wapi.

Nilipaswa kusema wamekwenda kuchuma machenza. Nilifungua mdomo, sentensi ikawa ndefu, nikaogopa. Nikanyoosha kidole majini.

Wakafurahi. Wakatoa simu. Wakasubiri watokeze. Nikawaambia wanawake wetu wana pumzi ndefu kuliko wanawake wengine. Wakasubiri tena. Mama mmoja akaanza kuuma kucha. Mzee Lai, mnene, mpole, ambaye zamani alikuwa polisi wa bandari, akaniuliza huwa wanakaa chini muda gani hasa. Nikasema inategemea. Akaniuliza inategemea nini. Nikasema inategemea mtu. Mzee Lai akavua viatu. Akavua soksi. Akaingia majini mpaka kiunoni na suruali yake ya safari, anapiga kelele, "Shikilieni! Tunakuja!" Mke wake akiwa ameshapiga simu.

Boti ya uokoaji ilikuja haraka sana, ni ya kusifiwa. Kijana aliyekuwa mbele ananifahamu. Aliniuliza kwa upole wa kutisha: "Dada Eun-sol, kina bibi unaosema wamezama si ndio nimepishana nao kwenye basi la machenza sasa hivi nikikimbilia boti, wanaimba?"

Nilikula kwa Mama kwanza, kisha kwa Bibi. Kwa Bibi kulikuwa na machenza. Nilikula mawili. Matamu. Ndicho kinachouma.

Ijumaa, 15 Machi

Ajabu! Sijafukuzwa!

Bosi Pyo aliniita. Nilikuwa nimeshaandaa kulia. Kumbe jana ngazini, wakirudi melini, Mzee Lai alimshika mkono asiuachie, anasema amesafiri bandari nyingi na hajawahi kupata matembezi kama yale: wanawake wamezama, wanawake wamepatikana, wote salama, na yeye ameloa kwa sababu njema. Wa basi la machenza walisema tu kwamba machenza ni matamu. Bosi Pyo, ambaye ni mtu wa bara, wa Daejeon, na anaamini lolote analoambiwa kuhusu kisiwa hiki, aliniuliza kama uokoaji ni sehemu ya ratiba. Nikamwambia si kila siku.

Lakini mbio ni za kuhesabu vichwa vya abiria, na kwa vichwa Ye-rin ameniacha mbali.

Funzo nimelipata: abiria walitaka kula uji, hawakuupata. Kosa lilikuwa chakula. Meli ya pili watapata konokono hata kama Yeongdeung amewala wote.

Jumanne, 19 Machi

Meli ya pili. Nitasema kilichotokea kwa mpangilio.

Jana nilinunua konokono wa baharini sokoni. Wanono, wa kufugwa. Wametoka Wando, upande wa bara, lakini konokono hana lafudhi. Asubuhi na mapema nikawaweka kwenye kidimbwi kati ya miamba, maji ya magotini. Hoja yangu: kuingia majini mpaka gotini si kuzamia. Ni kutembea mahali palipo na maji.

Gatini sikutumia foleni ya uongo. Nilitumia ukweli uliopangwa vizuri. Niliandika chini ya bango langu kwamba ndani ya mabanda ya plastiki kuna joto la bafu. Ye-rin aliona. Akapaza sauti, kwa Kichina kibaya lakini kikubwa, kwamba baharini kuna upepo unaobeba watoto. Nilipata nusu basi. Yeye alijaza.

Kina Bibi walikuwepo safari hii, wamevaa suti nyeusi za mpira, wamepanga matako juu ya mwamba, wanapiga mluzi wa pumzi bila kuzamia. Walifanana na sili waliostaafu. Nikawaambia wageni: tazameni, sasa wanaokota. Kina Bibi wakaingia kidimbwini. Shangazi Mal-sun akainua wa kwanza juu, wageni wakashangilia, na mimi nikaona mgongoni mwa yule konokono kibandiko cha soko. Kimeshika vizuri. Sikujua gundi ya siku hizi inahimili maji ya chumvi.

Shangazi Mal-sun alisoma kibandiko kwa sauti. "Wando," alisema. Halafu akamgeukia Bibi akamuuliza tangu lini wanawake wa bahari hii wanaokota vya Wando, na ni nani amemwaga uchafu wa bara katika kidimbwi alichokojolea bibi yake mzaa mama. Bibi akasema asitazamwe yeye. Wakatazamana. Kisha wote wakanitazama mimi. Bibi alikuwa anafungua mdomo.

Aliyeniokoa ni Mama. Alitokea kwa juu, na beseni la nguo kichwani. Akateremka taratibu mpaka kwenye chemchemi ya kufulia iliyo hapo hapo kando, mbele ya wazamiaji wote, akaanza kufua shuka.

Bibi alisahau konokono. "Unafua? Yeongdeung hajaondoka, unafua?"

Mama akajibu bila kuinua macho: "Si mmesema kaja na binti? Binti ni mtu mwema, hana neno. Mngesema kaja na mkwe, ningeogopa."

"Nguo zitaota funza!"

"Zikiota, Mama, nitakuletea uhesabu. Unapenda kukagua nguo zangu."

Na kadhalika. Kwa muda mrefu. Shangazi Mal-sun aliingia upande wa Bibi, halafu akahama upande wa Mama, halafu akakumbuka mama mkwe wake mwenyewe akaanza kulia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Niliwaomba wageni watazame upeo wa macho, ni mzuri. Hakuna aliyetazama. Walikuwa wameketi chini, wanarekodi, na bibi mmoja mwenye miavuli miwili alinivuta shati mara kwa mara nimtafsirie. Nilimtafsiria kidogo kidogo ili akubali kuondoka. Hakukubali.

Siku imeharibika. Lakini uji ulikuwepo.

Jumamosi, 23 Machi

Imebaki meli ya kesho. Bosi Pyo amesema waziwazi: nisipojaza basi langu kesho na kumpita Ye-rin, Matembezi ya Bahari yamekwisha. Alisema kwa huzuni. Ye-rin alisema kwa furaha. Mama alilifuta vumbi sanduku la zambarau, akalijaribu zipu.

Sijakata tamaa hata kidogo. Kesho ni siku ya kumuaga Yeongdeung. Kijiji kizima kitakuwa pwani, mama wa matambiko atapiga ngoma, chakula kitapakiwa katika kijahazi cha majani makavu na kusukumwa baharini aende nacho. Kitu kizuri sana cha kuonyesha kama jua litawaka. Bibi anaapa litawaka, maana ni binti.

Ila mimi sipendi kuacha jambo kwa bahati. Alasiri nilikwenda mwambani peke yangu na keki za mchele. Nilimwomba Yeongdeung kwa adabu. Kwanza, abaki na binti yake mpaka kesho jioni. Pili, kama mkwe naye ni lazima afike, basi afikie upande wa pili wa barabara tu, kuanzia kwenye mabanda ya mjomba wa Ye-rin. Nilimwelekeza vizuri. Nilitaja rangi ya geti.

Na nimetengeneza bango jipya. Nimeng'oa mlango wa kabati la stoo. Herufi zinaonekana kutoka melini. Mlango una mpini, kwa hiyo ni rahisi kushika. Nawaza mambo yote.

Jumapili, 24 Machi. Usiku, nimekauka

Mkwe amefika.

Amefika alfajiri na kila alichonacho. Mvua ilikuwa inanyesha kwa ubavu. Mama aliamka anaimba. Alifungua dirisha akauliza ng'ambo ya ua kama binti amelala vizuri. Nyumba ya nje ikafunga dirisha lake. Baadaye Bibi alisema kwa sauti ndogo kwamba labda mwaka huu kaja na wote wawili.

Meli ilitia nanga hivyo hivyo. Abiria waliteremka wamejikunja. Ye-rin alikuwa na koti la mvua la njano na kipaza sauti: "Karibuni penye paa! Kwetu pakavu! Kule mtaota mapezi!" Foleni yake ikavuka jengo ikatoka nje. Yangu haikuwepo. Kulikuwa na mimi na mlango wa kabati.

Nikauinua mlango juu ili waone herufi. Upepo ukauona kwanza.

Sikuachia mpini. Huo ndio ukweli. Ningeachia ningebaki pale nilipo, lakini nilikuwa nimeukamata kwa mikono yote miwili na nilikuwa nimeamua. Nilikimbia gati zima kwa visigino, nyuma ya mlango, nikipita mbele ya foleni yote ya Ye-rin, na nikasimamishwa na ubavu wa basi lake mwenyewe. Paa! Watu wote wakageuka. Ye-rin akacheka ndani ya kipaza sauti. Cheko lilisikika mpaka melini.

Sijui kilichonipata. Nilikuwa nimeloa mpaka ndani ya soksi, pua inauma, kichwani naliona lile sanduku la zambarau. Nikapiga kelele. Mimi! Kwa Kichina, bila kupanga maneno!

Nikasema: msije! Hakuna mzamiaji atakayezamia leo. Hajazamia hata mmoja mwezi huu. Konokono ni wa Wando. Mama wa upepo yupo kisiwani, leo anaondoka, bibi yangu alituambia kaja na binti na kumbe kaja na mkwe, na mkwe ndiye huyu anayewapiga usoni. Mama yangu ni mkwe wa bibi yangu na tangu asubuhi anaimba. Wote wawili wako pwani sasa hivi, chini ya mwavuli mmoja kwa sababu mwingine umepeperushwa, na hawasemeshani. Hakuna paa. Mtaloa. Hilo ndilo lililopo!

Mvua ikazidi.

Kisha mama mmoja mzee, nywele fupi, mwenye uso wa mtu aliyesimamia duka maisha yake yote, akamgeukia mwanamke mdogo aliyemshikia mwavuli. Akamtazama. Akasema: "Umesikia? Wewe una mungu wako." Yule mkwe akajibu: "Nimesikia, Mama. Naona leo ndiye aliyeshika usukani." Mama mzee akacheka mpaka akakohoa. Wakatoka kwenye foleni wakaja kwangu, wameshikana mkono. Wakaja wawili wengine. Kumbe meli ilikuwa imejaa familia: kila mama mkwe na mkwe wake, kila mkwe na simu yake tayari. Waume wakaburutwa. Basi langu likajaa, Bosi Pyo akakodi jingine hapo hapo gatini. Ye-rin aliondoka na wachache wanaoogopa mafua.

Pwani hakuna aliyefungua mwavuli, hata ule mmoja wa Mama na Bibi ulikuwa umeshapeperushwa. Wageni walipewa mtama wakautupa baharini pamoja na kina Bibi, kuipanda bahari upya, na upepo ukaturudishia nusu ya mtama usoni. Ngoma ikapigwa. Kijahazi kikasukumwa. Bibi aliingia majini kukisindikiza, wimbi likaja, na niliona Mama amemkamata mkanda kwa nyuma, miguu ameitanua, anamfokea kama mtoto. Bibi naye anamfokea amwachie. Hakumwachia. Wageni wengi walikuwa wanalia, labda ni chumvi.

Nimefikiria sana kwa nini nimeshinda. Sababu ni moja: bango. Herufi kubwa. Mtu asidharau mlango wa kabati.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeshinda rasmi! Kipaza sauti ni changu. Mama ameweka blanketi za baridi ndani ya sanduku la zambarau na kulisukuma chini ya kitanda, bila maelezo. Machenza yamefutwa, lakini Bosi Pyo hamwachi mtu mwenye sauti vile, kwa hiyo Ye-rin amebaki. Atashika bango langu. Aliniuliza kwa ukali kama atapewa la kawaida au lile lenye bawaba. Nilimwambia nitafikiri. Nilimwambia papo hapo, akiwa bado yupo!

Kuna jambo moja dogo.

Bosi Pyo amefurahi kupita kiasi. Ameibadilisha jina safari. Sasa inaitwa Siku ya Kumuaga Mama wa Upepo. Ameshaiuza kwa meli zote, kuanzia Aprili mpaka majani yaanguke. Kila Jumanne. Ndipo akaniuliza mimi, mwenyeji, kama kuna tatizo lolote Yeongdeung akiondoka kila Jumanne.

Anaondoka mara moja kwa mwaka. Jana ndiyo mara hiyo. Kisiwani hayupo tena.

Nilikuwa na sentensi nzima tayari. Fupi, wazi. Lakini mdomo wangu sasa umezoea kazi, na ulinitangulia. Ulisema: hakuna tatizo, Bosi, huwa anasahau vitu anarudi.

Basi nimekaa mchana wote, nimepanga, na mpango hauna dosari. Kijahazi cha majani kitafungwa uzi wa kuvulia, mrefu, usioonekana. Wageni wakishapanda basi, nakivuta kirudi, nakianika, kinangoja Jumanne ijayo. Ngoma atapiga Ye-rin. Dhoruba atakuwa Mama. Nilimweleza jikoni kwake na hakunikatiza hata mara moja. Aliniuliza tu kama mkwe anaruhusiwa kuwalowesha wageni wa jinsia zote. Ana mpira mrefu wa kumwagilia shamba la vitunguu saumu na atajificha nyuma ya mwamba. Sijawahi kumwona na furaha namna ile.

Na Bibi? Bibi hatajua. Kuanzia wiki ijayo bahari iko wazi, na Jumanne watakuwa wanazamia, yeye na Shangazi Mal-sun na wote. Atakuwa chini ya maji. Chini ya maji hasikii ngoma. Ni kweli kwamba huwa anatokeza juu kupumua, na ni kweli kwamba hutokeza hapo hapo mbele ya mwamba, lakini nitawaambia wageni wampigie makofi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, nakuomba kitu kimoja. Ukikutana na Bibi sokoni, msalimie, muulize habari za magoti yake, mwache amenye machenza yake. Habari za Jumanne usizitaje. Wala kwa Shangazi Mal-sun. Wala kwa Yeongdeung mwenyewe, popote alipo, kama ndiye anayekupepea sasa hivi.